Mfungwa apige kura au asipige?

Kwembe Juu: Wadau, Mahakama Kuu ya Tanzania Desemba 2022 ilisema kile kifungu cha sheria ya uchaguzi ya wakati huo kilichomnyima kura aliyefungwa zaidi ya miezi sita kinakwenda kinyume na Katiba. Mnasemaje? Mimi nasema apige. Kenya wafungwa walipiga kura ya rais 2017 na nchi haikuzama.

Babu wa Kitaa: Aliyeniibia pikipiki ndiye anichagulie rais? Anakula bure, analala bure, anatibiwa bure kwa kodi yangu, sasa mnampelekea na sanduku la kura. Kesho mtampelekea feni. Huko Norway yule Breivik aliyeua watu 77 akaishtaki serikali kwamba jela inamtesa, na akashinda!

Mama Saumu: "Anakula bure"? Babu, hicho chakula unakijua? Mdogo wangu amekaa mahabusu miaka miwili na miezi minne. Kila tarehe karandinga linamleta mahakamani, kila tarehe "upelelezi haujakamilika". Mwisho wakamwachia, kesi hakuna. Ugali wa dona, maharage unayavizia kwenye maji. Usiku wanalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka. Nilimpelekea sabuni na mswaki, akaniomba kandambili, maana zake zilishapata mwenyewe mwingine.

Babu wa Kitaa: Pole dada. Ila mimi nimesema mfungwa, sijasema mahabusu.

Mama Saumu: Umesema anakula bure. Panda juu ukasome.

Wakili Njaa: Babu, habari ya Breivik umeishika mkiani. Alishinda 2016, serikali ikakata rufaa, 2017 akabwagwa. Na ile miaka 21 aliyopewa si mwisho, wakiona bado ni hatari wanaongeza. Ukimtaja mtu mtaje mzima.

Babu wa Kitaa: Wakili, na jina lako hilo, nani alikuita?

Mpemba wa Wete: Huku Zanzibar sisi hatuna magereza, tuna Vyuo vya Mafunzo. Sasa mwanachuo naye anyimwe kura?

Babu wa Kitaa: Chuo gani hicho, ukimwonyesha tajiri cheti chake anakufukuza?

Mpemba wa Wete: Cheti kasaini nyapara 😂

Fundi Seremala: Chekeni tu. Meza ninayolia chakula imechongwa na wafungwa. Wanalima, wanafyatua tofali, wanachonga samani zinauzwa. Babu anasema bure. Nani anamlisha nani hapo?

Kwembe Juu: Jamani, swali lilikuwa KURA. Mahabusu ndiyo kabisa, ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu asiyethibitika kuwa na hatia kutendewa kama mkosaji. Afrika Kusini Mahakama yao ya Katiba ilisema 1999 wafungwa wapige, serikali ikajaribu kubana mlango, 2004 ikaambiwa tena. Sisi tunabishania maharage.

Mama Saumu: Aliyeanza maharage si mimi.

Babu wa Kitaa: Pikipiki ilikuwa Boxer nyekundu, ina miezi mitatu tu. Ibara inayoirudisha ni ya ngapi?

Wakili Njaa: RB ya polisi, ile namba ya kuripoti wizi, ulichukua?

Babu wa Kitaa: Nilichukua. Wakaniambia upelelezi unaendelea.

Mama Saumu: Hahaaa! Karibu.

Mpemba wa Wete: Fundi, hiyo meza ulinunua kwa bei gani?

Fundi Seremala: Laki mbili na nusu, mninga mtupu. Njoo inbox nikuelekeze.