Tupeane uzoefu: unapangaje madokezo yako kwenye kompyuta?

Ndugu wanajamvi, kila mwenye utaratibu wa kutunza madokezo yake kwenye kompyuta naomba aueleze hapa, na hasa aseme kilichomfanya auchague, kwa kuwa majina ya programu pekee hayatusaidii sana. Naanza na wangu. Nina folda chache, na kila faili hulipa jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi na siku, mfano 2024-03-09-mkutano-wa-bajeti. Mpangilio huo unafuata ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, na faida yake ni kwamba kompyuta inapopanga majina ya faili huwa imeyapanga pia kwa kufuata wakati, jambo ambalo haliwezekani ukitanguliza siku. Niliuchagua kwa sababu ninapotafuta kitu hukumbuka kilitokea lini kabla ya kukumbuka kilihusu nini.

Mchangiaji wa kwanza
Kwangu folda hazikufaa, maana dokezo moja huwa na makao mawili: maelezo ya dawa ya shinikizo la damu yakae chini ya dawa au chini ya moyo? Natumia lebo, ambazo dokezo moja linaweza kubeba kadhaa. Ila lebo zisipodhibitiwa huzaana, ukajikuta una “taarifa”, “ripoti” na “ripoti-mpya” kwa jambo lilelile, kwa hiyo nina faili lenye orodha ya lebo ninazoziruhusu.

Mchangiaji wa pili
Mimi ninaandika tasnifu, nami huunganisha dokezo na dokezo kwa viungo. Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi za karatasi zipatazo 90,000, alizozipa namba ili kadi moja iweze kuitaja nyingine, na programu nyingi za siku hizi zimeiga utaratibu huo. Unamfaa anayejenga hoja kwa muda mrefu. Anayetunza risiti na ankara atajichosha bure, na nywila, kwa maoni yangu, hazistahili kukaa kwenye madokezo ya aina yoyote.

Mchangiaji wa tatu
Programu niliyokuwa naitumia ilifungwa na wenyewe. Madokezo niliyapata, lakini picha zilitengana na maandishi na tarehe zote zikawa za siku niliyoyapakua. Tangu hapo naandika maandishi ya kawaida kwa alama za Markdown, mfumo mwepesi wa alama kama # na * za kuonyesha vichwa na msisitizo, uliotolewa mwaka 2004 na John Gruber, kwa kuwa faili za namna hiyo hufunguka katika kihariri chochote. Anayechagua leo aingize madokezo machache, ayatoe, kisha ayafungue kwa programu nyingine kabla hajahamishia kila kitu humo.

Mchangiaji wa nne
Sina folda wala lebo. Nina faili moja refu, dokezo jipya likiwa juu, na kila kitu nakipata kwa kutafuta. Wanaoandika kwa Kiswahili wazingatie kwamba kompyuta hulinganisha herufi tu, hivyo ukiandika “mkataba” hutaletewa palipoandikwa “mikataba”. Mimi huandika “kataba”, nikapata yote mawili. Kwa visawe ujanja huo haufui dafu, ndiyo maana chini ya kila dokezo huongeza mstari wa maneno mengine ambayo huenda nikayatumia kulitafuta.