Mtihani wa maandishi wa kibali cha CDL (leseni ya Marekani ya kuendesha magari ya biashara), Daraja A: nianzie wapi?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Ohio na ninakusudia kuomba kibali cha kujifunza kuendesha malori ya tela. Kitabu cha mwongozo cha jimbo ninacho, lakini ni kinene, na wenzangu kazini wananishauri nikiweke kando nikariri maswali ya kwenye simu. Je, nizipe uzito sehemu zipi, na Kiingereza cha kawaida kitatosha?

Jibu la kwanza
Ndugu, kitabu usikiache, kwa kuwa maswali hutungwa kutokana nacho. Utafanya mtihani wa maarifa ya jumla wenye maswali 50, wa breki za upepo wenye 25 na wa magari ya tela wenye 20, na kila mmoja unadai asilimia 80. Maswali ya kwenye simu yanafaa kujipimia baada ya kusoma; anayeyakariri tu hubabaika swali linapoulizwa kwa maneno mengine. Breki za upepo ndizo huwaangusha wengi, nami nakusihi uelewe zinavyofanya kazi. Breki za springi, yaani zile za dharura na za kuegeshea, huzuiwa na upepo wenyewe zisikaze, na ndiyo maana mshale wa geji ya upepo ukishuka hadi kati ya PSI 45 na 20 (PSI ni kipimo cha mgandamizo), springi hufyatuka na kuyafunga magurudumu hata kama dereva hajagusa kitu. Ukilielewa hilo, maswali mengi ya sehemu hiyo utayajibu bila kukariri.

Jibu la pili
Naongezea umbali kati yako na gari la mbele: sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako, na sekunde moja zaidi ukizidi maili 40 kwa saa. Lori la futi 60 likiwa barabara kuu linahitaji sekunde 7.

Jibu la tatu
Kuhusu Kiingereza, sheria ya shirikisho inamtaka dereva asome alama za barabarani, azungumze na maofisa na ajaze ripoti, na tangu Juni 25, 2025 anayeshindwa kufanya hivyo kwenye ukaguzi wa barabarani huzuiwa kuendelea na safari. Kwa hiyo soma kitabu kwa sauti, tena ukiweza usimame kando ya lori na kutaja kila kifaa unachokigusa, kwa sababu kwenye mtihani wa vitendo, ambao hauruhusiwi kabla kibali hakijatimiza siku 14, utamweleza mtahini ukaguzi wa gari kwa Kiingereza, bila mkalimani.