Naomba ushauri: shingo ya besi imepinda

Wakuu, habari za saa hizi. Nina karakana ndogo hapa Unguja, natengeneza besi za umeme za kusimama, zile nyembamba zisizo na sanduku, kwa wapigaji wa taarab waliochoka kupakia besi kubwa kwenye daladala. Hii ni ya tatu. Shingo mninga, bao la vidole (ubao wa kubonyezea nyuzi) mpingo (umekula visu viwili vya randa!), nyuzi nne za chuma, sentimita 106 kutoka kichwani hadi kwenye daraja.

Mteja aliichukua Februari ikiwa safi. Masika yameingia, kairudisha: shingo imevutwa mbele, uzi mwembamba mwishoni mwa bao umeinuka juu ya bao kutoka milimita 6 hadi 11. Nikilegeza nyuzi inarudi nusu tu.

Kosa langu, sikuweka chuma ndani, niliuamini unene wa mninga. Sasa nibandue bao nipachike nondo ya kukaza kwa spana, au flati baa mbili zinatosha? Na gundi ni epoksi, naibanduaje bila kupasua mpingo? Nimejaribu pasi ya nguo pembeni, ikaanza kunuka moshi nikaacha.

Jamaa ana harusi Ijumaa ijayo, na ananipigia simu kila asubuhi.