Wanafunzi wakivaa miwani ya kamera wanakosa kushika spana: nianze kurekebisha wapi?

Mkufunzi_Kisumu: Wadau, salamu kutoka Kisumu. Nafundisha umakanika, na tumepata hedseti mbili za uhalisia mseto, zile za kamera: unaona chumba kupitia picha ya kamera za mbele, na programu yangu inachora mishale juu ya injini. Shida ni kwamba mwanafunzi akinyoosha mkono achukue spana, anashika hewa kando yake. Akishavua, bado anakosea kwa muda. Wengine wanapata kizunguzungu, na wenye rasta nene mkanda hauwakai. Nisaidieni, naipenda sana kazi hii.

Fundi_Kondele: Rahisi. Avae asome hatua, avue afungue nati, avae tena.

Nakuru_Mhandisi: Hapana, ndugu, hapo ndipo hatari ilipo. Kamera haziko mahali pa macho, zimekaa mbele yake. Watafiti Biocca na Rolland walilipima jambo hili mwaka 1998: mkono ulikuwa mzito kwa sababu ubongo ulikuwa unajifunza upya vitu viko wapi, na kifaa kilipovuliwa watu waliendelea kukosea shabaha. Sasa mtu huyo umpeleke karibu na feni ya injini inayozunguka? Akivua, mpe kwanza kazi ya mezani, kama kupanga nati kwenye trei, mpaka mkono urudi sawa.

Mkufunzi, kabla ya programu angalia lenzi. Umbali kati ya mboni kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 63 hivi, lakini watu hutofautiana sana. Kila anayevaa arekebishe nafasi ya lenzi upya, asirithi vipimo vya mwenzake. Kizunguzungu nacho huongezeka picha ikichelewa kichwa kinapogeuka. Apple wanasema hedseti yao ya Vision Pro huonyesha picha mpya ndani ya milisekunde 12, kwa hiyo punguza michoro mizito isicheleweshe picha.

Mama_Pendo: Nywele: fundo lishushwe shingoni, mkanda upite juu yake. Hedseti ikilemea mbele, shingo ndiyo inaumia.

Mkufunzi_Kisumu: Asanteni sana. Karakana yetu ina giza, stima ikipotea picha inajaa chembechembe. Je, mishale niifanye minene zaidi?

Nakuru_Mhandisi: Ongeza mwanga kwanza, sogeza injini mlangoni. Mshale mnene utaficha nati yenyewe. Zungushia nati duara, katikati pabaki wazi.