Bosi anataka nipunguze makadirio mbele ya kamati. Nifanyeje?

MhandisiWaBonde: Habari zenu wakuu. Mimi ni mhandisi wa maji. Hesabu zangu zinadai visima vitatu, bosi anasema kimoja kinatosha, tusiwatishe wafadhili. Wiki ijayo tunaingia kamatini na mwasilishaji ni mimi. Nikisema ukweli naogopa kuhamishwa. Nikinyamaza, watu watapanga ndoo hadi usiku. Ushauri tafadhali.

KoploMstaafu: Mkuu, yalimkuta Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Februari 2003, kabla ya vita vya Iraki, Seneta Carl Levin alimuuliza hadharani wanajeshi wangapi watahitajika kuishika nchi ile baada ya ushindi. Akajibu: laki kadhaa. Haikupita wiki, naibu waziri wa ulinzi, Paul Wolfowitz, akayaponda makadirio yale. Mwaka 2007 Rais Bush akatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000 kulekule Iraki. Taja namba yako!

MtuWaPwani: Mnamponza kijana wa watu. Shinseki alistaafu Juni 2003 na waziri wake, Rumsfeld, hakuonekana kwenye hafla ya kumuaga. Na yule alikuwa jenerali, pensheni ipo. Mleta mada ana nini?

BintiMipango: Koplo umeruka kitu. Shinseki aliulizwa, hakujirusha tu. Tena alikuwa ameongoza vikosi vya NATO kule Bosnia, alijua kulinda amani kunakula watu kiasi gani. Mleta mada, matokeo ya kupima pampu unayo? Idadi ya kaya je? Mpelekee bosi kwa maandishi kabla ya kikao, ubaki na nakala, asije akasema umemvizia mbele ya wageni.

KoploMstaafu: Hapo dada nakubali.

BintiMipango: Kuhusu kuhamishwa, inategemea una bosi gani. Mwaka 1938, kwenye kikao Ikulu ya Marekani, Jenerali George Marshall, naibu mkuu wa jeshi la nchi kavu, alimwambia Rais Roosevelt waziwazi kwamba hakubaliani na mpango wake wa ndege za kivita. Wenzake wakamhesabu ameshakwisha. Mwaka uliofuata Roosevelt huyohuyo akamkabidhi jeshi. Wako akipingwa kwa hesabu anakuwaje?

MhandisiWaBonde: Hununa, halafu husoma. Matokeo ya pampu ninayo. Nampelekea kesho asubuhi kabla hajatoka kwenda saiti.

MtuWaPwani: Haya. Ila nakala usiiache ofisini.