Maharage machanga ya Kijerumani: ya Speck, ya siki au ya krimu?

Binti_Tanga (mwanzisha mada)
Wadau wa jiko, habari za jioni. Nalinganisha namna tatu za kupika maharage machanga (mishiri kwa ndugu zetu wa Kenya) kama wanavyoyapika Ujerumani, ya kuliwa kando ya viazi na nyama ya kuoka. Kuna Speckbohnen, yaani ya kukaanga na Speck, nyama ya nguruwe ya moshi yenye mafuta. Bohnensalat ya siki na kitunguu. Na Rahmbohnen ya krimu. Maharage kilo 1, walaji wanane, chakula saa saba mchana, jiko la gesi la plet mbili. Ipi inavumilia kupikwa mapema? Na asiyekula nguruwe, ladha ya moshi ataipata wapi?

Jiko_la_Elbe
Dada, zote tatu zinaanzia sufuria moja, na wengi huharibu hapo hapo.

Kata ncha. Vunja haragwe moja katikati: uzi ukibaki unaning'inia, vuta nyuzi za pande zote mbili kwa yote. Maharage ya kutambaa, yale Wajerumani wanayaita Stangenbohnen, mara nyingi yana uzi hasa yakikomaa.

Maji lita 4, chumvi gramu 40, na kijiko cha chai kimoja cha Bohnenkraut kavu. Hili ni jani la jamii ya mnanaa, lina ukali wa pilipili manga na harufu ya karibu na thaimu, na ndilo linalofanya sahani iwe ya Kijerumani. Ukilikosa, tia thaimu nusu kijiko na pilipili manga kidogo. Maji yachemke kwa nguvu ndipo utumbukize maharage, kisha acha sufuria wazi. Asidi ya maharage hutoka na mvuke. Ukifunika inarudi majini na rangi inageuka kuwa ya kaki.

Dakika 10 hadi 12, na 10 ndiyo ya chini kabisa. Maharage mabichi yana sumu inayoitwa Phasin, inaleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na haivunjiki kwa kuchovya maji ya moto dakika 3 kama wapishi wengi wanavyofanya siku hizi. Haragwe likipondwa kwa uma lilegee bila kumomonyoka. Likilia kakara mdomoni, rudisha. Maji ya kuchemshia mwaga.

MamaSukuma
Mkuu amesema vyema. Naongeza moja: msitie magadi! Najua tumezoea kwenye maharage makavu, lakini haya machanga yatang'aa kijani dakika mbili, halafu ganda linateleza na yananuka sabuni.

Mishiri_Mwea
Chagueni pishi kwa unene. Mishiri inayopangwa kwa soko la Ulaya hupimwa kwa milimita: chini ya 6 ni nyembamba sana, 6 hadi 9 ni nyembamba. Nyembamba sana ni ya kufungwa vifurushi na Speck. Nyembamba inafaa saladi. Ile nene, hata iliyoanza kuvimba mbegu, ipeleke kwenye krimu, ila iivishe dakika 15.

Walioko Nairobi wakumbuke maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ongezeni dakika 3 hadi 5 juu ya muda alioutaja Jiko_la_Elbe.

Kaanga_Kavu
Mimi kura yangu kwa ladha ni Speckbohnen, ila haingoji mtu. Vipimo vya kilo 1: Speck gramu 150 iliyokatwa vipande vya nusu sentimita, kitunguu kimoja, siagi gramu 30.

Speck iwekwe kwenye kikaango baridi, ndipo uwashe moto mdogo. Ndani ya dakika 6 hadi 8 mafuta yanatoka yenyewe na pembe za vipande zinakauka na kuwa za dhahabu. Ukianza na kikaango cha moto, nje inaungua na mafuta yanabaki ndani. Kitunguu dakika 3, siagi, kisha maharage dakika 4. Usitie chumvi kabla ya kuonja, Speck inayo tele.

Tatizo kubwa ni maji. Maharage yaliyotoka sufuriani yakiwa yamelowa yanatoa mvuke badala ya kukaangika, na mafuta yanaruka. Yatandaze juu ya taulo la jikoni dakika 5. Kaanga kwa mafungu mawili, kilo nzima mara moja itajichemsha yenyewe.

Kwa vifurushi: maharage 10, ukanda mmoja mwembamba wa Speck, na upande wa kiungo uanze chini kwenye kikaango ili ujigande. Ukianza juu, unafunguka.

Binti_Tanga
Ahsante. Basi ya kukaanga siwezi kuiandaa asubuhi?

Kaanga_Kavu
Chemsha asubuhi, poza kwa maji baridi, kausha, weka kwenye friji. Kukaanga kuwe dakika kumi na tano kabla ya kula, si kabla ya hapo.

Bakuli_Bluu
Kwa hali yako, dada, jibu ni Bohnensalat. Ndiyo pekee inayoboreka kwa kukaa, na plet zote mbili zinabaki huru kwa viazi na mchuzi.

Kitunguu kikubwa kimoja kikatwe vidogo sana, kimwagiwe supu ya moto mililita 120, kiachwe dakika 5. Ukali wa kitunguu kibichi unakatika hapo. Ongeza siki vijiko vikubwa 5, haradali na sukari kijiko cha chai kimoja kimoja, pilipili manga, mwisho mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 6. Mimina juu ya maharage yakiwa bado yanatoa moshi. Ya moto yananyonya. Yaliyopoa, siki inayateleza tu na kukusanyika chini ya bakuli. Acha saa moja, geuza mara mbili, kisha onja upya, kwani chumvi na siki zitakuwa zimezama na utahitaji kuongeza.

Siki isiingie kamwe kwenye maji ya kuchemshia. Asidi inakaza ganda, utachemsha nusu saa na bado ni gumu. Rangi itafifia kuwa ya zeituni baada ya muda, na hiyo ni sawa kabisa kwa saladi hii.

MamaSukuma
Rahmbohnen nayo isidharauliwe. Siagi gramu 30, unga gramu 30, kaanga dakika 2 bila kubadili rangi. Supu mililita 250 iliyopoa, mimina mara tatu huku unakoroga. Ukiimwaga yote ikiwa ya moto, mabonge. Acha itokote dakika 10 moto mdogo, la sivyo utasikia ladha ya unga mbichi. Krimu mililita 150, kungumanga ya kukwangua, kisha maharage. Ukiiacha isubiri inaganda kama uji, ilegeze kwa supu vijiko vichache. Matone ya limao yaingie jiko likishazimwa, na ukitumia maziwa badala ya krimu usitie kabisa, yatakatika.

Jiko_la_Elbe
Kuna la nne, la kaskazini, kuanzia Hamburg hadi Schleswig-Holstein: Birnen, Bohnen und Speck. Ni mlo kamili, lakini mdau akiwa na sufuria moja tu linafaa. Speck gramu 500 ichemke dakika 25, ndipo maharage gramu 750, na juu mapeasi madogo mazima, na maganda na vikonyo vyake, dakika 20 zaidi. Lazima yawe mapeasi magumu ya kupikia. Laini yanayeyuka na mchuzi unakuwa jemu.

Halali_Berlin
Kuhusu moshi bila nguruwe: nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, gramu 150 vilevile, lakini haina mafuta, kwa hiyo siagi ipande hadi gramu 50 na nyama ikae motoni dakika 2 tu, zaidi ya hapo inakuwa kamba. Kwenye maduka ya Waturuki kuna pastırma, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa hewa na kupakwa viungo, ingawa hiyo haina moshi. Ikwangue ganda lote la uwatu na vitunguu saumu kwanza, vinginevyo uwatu utameza maharage.

Binti_Tanga
Nimeelewa. Saladi asubuhi saa nne, nyama ya ng'ombe ya moshi niikaange pembeni, wanaotaka wanyunyize juu.

Bakuli_Bluu
Vizuri, ila inyunyizwe mezani. Ikikaa ndani ya siki inalowa. Na saladi ukiiweka kwenye friji, itoe nusu saa kabla ya kula ipoteze ubaridi. Ikibaki, siku mbili inatosha.