Naomba ushauri: "keya" kwenye historia ya babu niandikeje?

Wakuu, naandika historia ya ukoo. Bibi alizoea kusema, "Babu yenu alikuwa keya, kapigana Uhabeshi." Najua keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza lililoundwa 1902, herufi tatu zimelainishwa mdomoni zikawa neno. Kombania nayo naielewa, ni kikosi cha askari kilicho chini ya batalioni. Kinachonitatiza ni daftari la babu, ameandika kwa penseli "1/6 KEA". Mwanangu wa darasa la nne kasoma "moja ya sita"! Mimi nasoma batalioni ya 6, ile ya Tanganyika iliyogeuka Tanganyika Rifles 1961. Hiyo 1 ya mbele ni kombania, au batalioni iligawanywa? Na kitabuni nibakize "keya" ya bibi?